Siku Tuliyoficha Shule

Saa moja na dakika arobaini asubuhi gari la mke wangu liliingia getini, likayumba juu ya mashimo ya njia yetu ya changarawe, likasimama chini ya mkaratusi. Alikuwa anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya uuguzi. Siku nyingine huvua viatu mlangoni, hunywa chai ya rangi akiwa amesimama, huwakumbatia mabinti zetu wawili, kisha huenda kulala. Siku hiyo hakulala. Alijifunga kanga kiunoni juu ya sare ya kazi, akachukua ufagio.

Saa nane mchana tulikuwa tunamtarajia mgeni wa serikali. Hapa ugenini mzazi anayetaka kuwafundisha watoto wake nyumbani sharti apewe kibali, na kabla kibali hakijatolewa au kuongezwa, ofisa huja kuona. Kibali chetu cha kwanza kilikuwa kinakaribia kuisha. Kikikataliwa, wasichana wangerudi darasani muhula unaofuata. Yule mdogo, wa miaka saba, hilo halikumsumbua. Alikuwa amekwisha kuniuliza kama darasani huruhusiwa kuja na kuku. Aliyekosa usingizi alikuwa mkubwa, wa miaka kumi na mmoja.

Tulipokuwa tukiishi kwenye fleti kule Merrylands, mjini, mkubwa alisoma shule ya jirani kwa miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili ni kama hakufungua kinywa. Walimu walikuwa wema, lakini watoto walikuwa wengi, na walimdhania hajui Kiingereza. Wakamweka na watoto waliofika nchini juzi, wajifunze majina ya matunda. Nyumbani alikuwa akimsomea mdogo wake vitabu vizima. Siku moja alirudi akiwa amelowa sketi kwa sababu hakuweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Jioni hiyo mimi na mama yake tulipiga magoti, tukaomba, na tulipoinuka tulikuwa tumeamua.

Tukahamia huku, mbele kidogo ya Minto, mahali ambapo nyumba mpya zinaishia na malisho yanaanza. Nyumba ni ya mbao, ya zamani, na mwenye nayo anasubiri kuuza ardhi, ndiyo maana kodi yake tunaimudu. Mimi sikumaliza sekondari. Nilichokijua nilikipata kwenye vitabu vya mitumba, nikivisoma kwa mpangilio niliojiwekea mwenyewe, na niliona ninaweza kumpangia mtoto vivyo hivyo. Ninafanya kazi jioni, kwenye ghala moja kule Villawood, kwa hiyo asubuhi ni zangu.

Asubuhi zetu zilikuwa na umbo lake. Kwanza ibada: wimbo mmoja, sala, na kila mmoja anasoma Neno kwa zamu, mimi kwa Kiswahili, wasichana kwa Kiingereza. Wanaelewa Kiswahili chote, ila ukiwauliza kwa Kiswahili watakujibu kwa Kiingereza, na nimeacha kugombana nao kuhusu hilo. Baada ya ibada ni kuku, kisha masomo. Na kwa kuwa mama yao alikuwa analala mchana, na kuta za mbao hazifichi sauti, masomo yalifanyika nje. Tangi la maji la bati, refu kuliko mimi, ndilo lilikuwa ubao wetu. Tuliliandika kwa chaki hadi mikono ilipofika. Mstari wa namba ulikuwa utepe wa gundi niliobandika kwenye sakafu ya varanda. Viluwiluwi vya kutoka bwawani vilikaa kwenye beseni karibu na mlango wa jikoni, na pembeni yake karatasi ya kuonyesha kimoja kimoja kimeota miguu lini. Mvua ikinyesha tulihamia kwenye banda la farasi, ambalo halikuwa na farasi.

Kwa hiyo mke wangu hakuwahi kuiona shule yetu ikiendelea. Alipoamka saa tisa alasiri mimi nilikuwa nikijiandaa kwenda kazini, na alichokikuta ni chaki kwenye tangi, utepe sakafuni, na beseni lenye harufu.

Siku hiyo ya mgeni, saa tatu asubuhi, aliwasili rafiki wa mke wangu, muuguzi mwenzake Mkenya, ambaye wasichana humwita anti. Alikuja na sufuria yake mwenyewe, maana haamini sufuria za watu. Nilimwambia kwamba huyu mgeni anakuja kikazi, biskuti na chai vingetosha.

“Shemeji,” akasema, akiwa tayari anamenya vitunguu, “mtu wa serikali anakuja kuamua mambo ya watoto wako, na wewe unataka kumpa biskuti?”

Mimi mwenyewe nilikuwa nimenunua nyama ya mbuzi Merrylands siku iliyotangulia, pamoja na mchele wa pilau, na nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, ruhusa isiyolipwa. Kwetu mgeni hapokelewi katikati ya takataka, wala haketi mbele ya meza tupu, wala watoto hawakai sebuleni kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Haya hatukuyajadili. Yalijitendea yenyewe.

Mke wangu alipiga deki nyumba nzima, akatoka nje. Utepe wa varanda aliubandua wote kwa kisu. Viluwiluwi vilirudishwa bwawani, mdogo akivisindikiza kwa maneno ya kuaga. Tangi lilisuguliwa kwa sabuni na brashi mpaka likang’aa. Madaftari, ramani ya dunia, mimea ya maharage kwenye vikopo, mifupa ya ndege iliyopangwa juu ya ubao, vyote tulivibeba mimi na yeye hadi banda la farasi, tukavifunika kwa turubai. Nilibeba bila wasiwasi. Faili langu lilikuwa tayari juu ya kabati: mipango ya mwaka mzima, somo kwa somo, wiki kwa wiki, imechapwa. Niliamini mgeni anakuja kusoma faili.

Kufikia saa saba sebule ilikuwa na kitambaa kipya cha meza, vitambaa vya kufuma juu ya makochi, na picha yetu ya harusi ukutani. Wasichana walikuwa wamevaa magauni ya kanisani. Mama yao aliwapa maagizo: mgeni akiingia, mnamwamkia, mnakwenda chumbani, hakuna maneno mengi.

Mgeni alikuwa mama aliyepita makamo, mwenye buti za shambani na miwani iliyoning’inia kifuani. Wasichana walimpa shikamoo, akawajibu kwa kutabasamu bila kujua amepewa nini, na kabla hajawauliza lolote walikuwa wameshafunga mlango wa chumba. Aliketi. Alisifu nyumba. Alikaribishwa pilau, akashukuru, akaeleza kwamba akiwa kazini haruhusiwi kupokea kitu, akaomba maji. Nilimsikia anti jikoni akimnong’oneza mke wangu: “Serikali gani hii haili?”

Nilimpa faili. Alilipitia kwa makini, ukurasa kwa ukurasa, akaniambia limepangwa vizuri kuliko mengi aliyoyaona. Kisha akalifunga. Hii, alisema, ni mipango. Inamwonyesha nilichokusudia kufanya. Yeye anatakiwa kuona kilichofanyika. Kazi za watoto ziko wapi? Wanasomea wapi? Akatazama meza nyeupe, makochi, sakafu iliyong’aa. Hapakuwa na kalamu moja mahali popote.

Nikasema tumeweka kando. Aliandika kitu. Akauliza kama anaweza kuongea na wasichana.

Walitoka, wakasimama kando ya meza, mikono nyuma, macho chini, kama walivyofundishwa kusimama mbele ya mtu mzima. Alimuuliza mkubwa anapenda kujifunza nini. Hakujibu. Alimuuliza, kwa upole zaidi, wiki hii wamefanya nini. Hakujibu. Niliijua ile shingo iliyoinama. Niliwahi kuketi mbele ya mwalimu kule Merrylands nikiitazama. Mgeni aliandika tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na mimi nilikuwa nikiona muhula ujao, lango la shule, na mtoto wangu akiingia na begi mgongoni.

Aliyesogea ni mama yake. Alitoka mlangoni mwa jikoni, akapiga magoti mbele ya binti yetu, akamshika mabega.

“Mwanangu, yale niliyokwambia kabla ya mgeni kuja nayafuta. Ongea.”

Binti akamtazama, akauliza kwa Kiingereza, taratibu: “Hata kuhusu banda?”

“Hata kuhusu banda.”

Akavuta pumzi, akamgeukia mgeni. “Walificha shule yetu,” akasema. “Iko kwenye banda la farasi. Unataka kuiona?”

Mgeni aliweka kalamu mezani. Alisema angependa sana.

Mdogo alikimbia mbele akiwa na gauni la kanisani na miguu mitupu. Sisi wakubwa tulifuata. Binti mkubwa alivuta turubai, na vumbi lilipotulia akaanza. Alimwonyesha maharage, yapi yalikuzwa gizani na yapi juani, na kwa nini yale ya gizani yalikuwa marefu lakini dhaifu. Alimwonyesha mifupa, akamkosoa mgeni alipoita bawa kitu ambacho kilikuwa mguu. Alimtoa nje hadi kwenye tangi, akalalamika kwamba hesabu yake ilikuwa imesuguliwa, akaokota kipande cha chaki majanini na kuiandika upya kutoka kichwani: maji yaliyobaki, maji tunayotumia kwa siku, ukame ukiendelea yatatufikisha wapi. Mdogo alidakia kwamba kuku nao hunywa. Mkubwa akasema kuku wamo, wako upande wa kulia, asome kabla ya kusema. Mgeni aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuuliza maswali, na kila swali lilizaa jibu refu kuliko lililotangulia.

Mimi na mke wangu tulisimama kando ya ukuta wa banda. Alikuwa bado amejifunga kanga, na alikuwa hajalala tangu jana yake.

“Huwa anaongea hivi?” akaniuliza.

“Kila siku. Wewe unakuwa umelala.”

Alijiegemeza kwenye mbao akasikiliza, na binti yetu alipofika kwenye sehemu ya mvua na paa, jinsi paa kubwa linavyokusanya maji mengi kwa mvua ileile, nilimwona mama yake akihesabu naye kwa vidole.

Ilikuwa saa kumi kasorobo mgeni alipofunga mkoba. Alituambia atapendekeza kibali cha miaka miwili, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, na barua ilipokuja ilisema hivyohivyo. Akiwa anafungua mlango wa gari alisema jambo moja zaidi, akimtazama mke wangu: safari nyingine atafurahi akiikuta nyumba jinsi inavyokuwa siku zote. Mke wangu aliahidi. Anti, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na bakuli lililofunikwa, alijaribu kwa mara ya mwisho, akakataliwa kwa mara ya mwisho, na gari lilipotoka getini akasema kwamba huyo mama ni mtu mzuri, ila amelelewa vibaya.

Tulikula pilau ile siku tatu. Mke wangu aliporudi kutoka zamu yake iliyofuata, hakwenda moja kwa moja kitandani. Alichukua kikombe chake cha chai, akatoka nje, akaketi kwenye ile ndoo hadi somo la hesabu lilipokwisha. Tangu hapo hufanya hivyo mara nyingi, na wakati mwingine husinzia palepale, na wasichana hushusha sauti bila kuambiwa.

Jioni ya siku ile ya mgeni nilipiga hesabu yangu. Nyama, mchele na viungo, kitambaa cha meza, na ujira wa siku moja niliyoiacha kazini: dola mia nne na sita. Mke wangu alipinga kitambaa cha meza kuingizwa kwenye hasara, kwa sababu ni mali ya nyumba na kitatumika Krismasi. Nikakitoa. Tulipoteza dola mia tatu sabini na moja.