Tyubu Iliyokatwa Maumbo

Mwaka huo nilikuwa nafundisha darasa la awali kijijini Mkula. Picha za maumbo hatukuwa nazo, kwa hiyo nilichonga viazi: duara, mraba, pembetatu. Watoto walivichovya kwenye mkaa uliosagwa na maji, wakagonga mihuri juu ya maboksi. Viazi vilipoanza kunuka, nikawaambia walete kutoka nyumbani chochote kinachokatika.

Binti mmoja mpole alileta vipande vya mpira mweusi. Pembetatu yake ilinyooka kuliko zangu, nami nikamsifu mbele ya wenzake. Bado tulikuwa tunagonga mihuri baba yake alipoingia, mkononi ana tyubu ya baiskeli iliyokatwakatwa. Alikuwa akibeba magunia ya mpunga kwa baiskeli hiyo, na tyubu ilikuwa mpya.

Hakusalimia. Alimshika mtoto mkono, akamchapa kwa ile tyubu mgongoni, kisha usoni. Nikaingia katikati.

"Baba, mimi ndiye niliyemtuma."

Akanigeukia. Pigo lilinipata sikioni, nikaanguka kwenye rangi ya mkaa. Mama aliyekuwa akitupikia uji alikuja na mwiko, akamtandika nao begani. Baba akamsukuma mama huyo hadi akaangukia sufuria iliyokuwa mlangoni, uji wa moto ukammwagikia miguuni. Ukelele wake ndio uliowaleta vijana wa bodaboda.

Walimburuta yule baba hadi nje. Walimpiga ngumi na mateke, damu ikamfunika macho, kisha mmoja akaokota tofali. Binti yake akanipita mbio, uso umevimba, akamshika yule kijana suruali.

"Msimuue baba yangu."

Nikamfuata, nikajilaza juu ya mtu aliyetoka kunipiga. Teke lililokusudiwa yeye likanivunja kidole cha mkono.

"Mwalimu, toka tummalize."

"Watoto wanawatazama," nikasema.

Kijana aliangalia dirishani, kulikojaa nyuso. Akaliweka tofali chini.

Mgambo walimchukua yule baba. Alishonwa hospitali Ifakara, akatoka huko kwenda mahabusu. Miguu ya mpishi ilipona, ikabaki na mabaka. Sikio langu la kushoto halijarudi sawa.

Wiki kadhaa baadaye, mama wa binti alimrudisha darasani. Binti alichagua kukaa karibu na mlango. Nilimpa udongo wa mfinyanzi. Akafinyanga duara, akaliponda kwa ngumi. Akafinyanga lingine, akaliponda pia. Nilimwongezea udongo, nikaenda kukaa kando yake.