Mtani wa Uwanja wa Nyasi

Zama za Mwingereza nilikuwa nauza kuku Mtoni, na kuku simnunui kabla sijamtazama mara mbili: akiwa ametulia, kisha akiwa amekasirika. Akitulia, kila kuku ni mzuri. Ndiyo maana karani mmoja Mhindi wa Goa, mteja wangu wa Jumamosi, aliponiuliza kama mpwa wangu ataweza kucheza mpira wa magongo kwenye ligi ya Wazungu, sikumjibu upesi.

Alikuwa amemwona akicheza nasi kwenye kiwanja chetu cha changarawe, pekupeku, gongo lake tawi la mkorosho lililojikunja lenyewe. Timu ya Wagoa ilipungukiwa mtu, na karani ndiye nahodha. Akasema atamjaribu mechi tatu.

Kijana huyo ni wa marehemu dada yangu. Nilimlea tangu hajajua kufunga kifungo, na sikuwahi kumwona akitaka kitu namna ile. Wali aliuacha sahanini, yeye ambaye hata ukoko haumponyoki.

Mechi ya kwanza nyasi zilimshinda. Kwetu mpira ukiupiga unaruka kama panzi, kule unalala. Viatu vya kuazima vilimtembeza kama bata. Sikutishika. Bata naye hufika.

Mechi ya pili nyasi alishazizoea, na hapo ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe. Mzungu mmoja mnene, kichwa cheupe kwa mvi, kila akija na mpira, mpwa wangu anampisha. Anampisha kabisa, kama wamekutana mlangoni mwa msikiti. Mwingine akateleza akaanguka. Kijana akauacha mpira, akainama kumwinua. "Pole, mzee." Bao likaingia yeye bado anamfuta mtu majani mgongoni.

"Mikono anayo," nahodha akaniambia, "moyo ndio hana. Anawaogopa Wazungu."

"Hawaogopi. Anawastahi. Huyu hata jogoo mzee humpisha njia."

"Basi nimwekee kiti, awaamkie wakipita! Bwana kuku, imebaki mechi moja tu."

Tulirudi kwa miguu, kijana viatu kavining'iniza shingoni. Nami nikawa namfikiria jirani yetu Mnyamwezi, kuli wa bandarini, rika langu. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Msibani kwangu anaweza kuondoka na sufuria zima la pilau, na mie sina pa kushtaki. Pale changaraweni kijana aliwapisha wote wenye mvi, isipokuwa huyo. Huyo alimpora mpira mchana kweupe, na kejeli juu yake.

"Hivi yule jirani, mbona humpishi?"

"Yule mtani, mjomba! Mtani anapishwa?"

"Na hawa Wazungu?"

"Hawa watu wazima. Tena wageni."

"Wageni gani, wamekuja mie sijaoa? Wanaingia bila hodi, wanachukua wakitakacho, ukinuna wanakushangaa. Sasa kama huo si utani, niambie ni nini."

Akasimama katikati ya barabara. "Nani kasema ni watani?"

"Mie, mjomba wako. Kuanzia leo."

Kwanza alitabasamu. Baadaye akacheka mpaka viatu vikamgonga kidevuni.

Mechi ya tatu yule mnene akaja na mpira kama kawaida yake. Mpwa wangu akamwendea uso kwa uso, meno yote nje. "Shikamoo, mtani!"

Mzungu, ambaye Kiswahili alikijua kidogo, akasimama vizuri kujibu. "Marahaba." Alipomaliza, mpira haukuwepo.

Tulifungwa hata hivyo, mabao mawili kwa moja, lakini lile moja, lililotokana na mpira ule, lilikuwa la kwetu kweli. Kipenga cha mwisho kilipolia, kijana akamfuata yule mzee, akampokea mkono kwa mikono yake miwili, na safari hii akainama. Nikamuuliza vipi tena.

"Mchezo umekwisha, mjomba. Sasa ni mzee."

Nahodha akaja akijifuta jasho. "Atafaa?"

"Nimemtazama mara mbili."

"Basi Jumamosi aje mapema. Na viatu abaki navyo."

Siku ile kijana alikula sahani yake, kisha akaivuta yangu. Nikamwachia, pamoja na ukoko wote.