Michikichi Minne Isiyotoka Moba

Papa Hénoc alikuwa na michikichi kumi na miwili nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Kalemie, na mgeni alisikia sifa zake kabla ya kupewa kiti. Yote ni mbegu ya kisasa, alisema. Aliinunua mjini Moba ingali miche, akaipakata ndani ya boti kama watoto. Miche kumi na miwili kwa magoti mawili, hakuna aliyemuuliza iliwezekanaje.

Mkewe, Mama Rosine, ndiye aliyekamua mawese, kila mti na chupa yake. Yeye alisema minne ni ya kienyeji. Asubuhi za baridi ya Julai chupa nane zilibaki majimaji, nne zikaganda mpaka shingoni, kama mawese ya kienyeji yanavyoganda.

"Njo chupa zako zenye makosa, mama," Papa Hénoc alimwambia. "Hukuziosha."

Mama Rosine akaziosha mbele yake mara tatu. Nne zikaganda.

Mwaka jana akafika Sonia, agronomu anayechunguza michikichi ya kandokando ya ziwa. Alieleza kwamba mafuta ya kila aina yana mchanganyiko wake, hivyo maabara huweza kuitambua miti hata kama majani yanafanana. Papa Hénoc akamkabidhi chupa zote kwa furaha. "Watu wa nyumba hii wapate kunyamaza."

Baada ya miezi miwili Sonia alirudi na majibu: minane ya kisasa, minne ya kienyeji. Mmojawapo wa hiyo minne ni ule wa mlango wa nyuma, ambao Papa Hénoc hupiga picha nao.

"Papa," Mama Rosine aliuliza taratibu, "ile minne ya Moba ilienda wapi?"

Papa Hénoc aliangalia viatu vyake. "Ilikufa mwaka wa kwanza, ukiwa kwenu Kirungu. Nikachimbua mingine kule mutoni."

"Miaka kumi na tano hukuniambia?"

"Uliuza kitenge chako cha ndoa ili nipate ile miche. Ningekuambiaje?"

Mama Rosine alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kile kitenge kilikuwa kibaya, papa. Mama yako njo alinichagulia. Mimi pia niliogopa kukuambia."

Sonia akajifanya anasoma karatasi zake. Wiki ile Mama Rosine alitenga mawese mazito ya ile minne, akapika sabuni, na Papa Hénoc ndiye aliyekoroga sufuria, bila kuombwa.