Niliajiri mama wa kufua Chanika ili nipate muda wa kutalii, yaliyonikuta Kerenge

Wakuu, habari za mihangaiko.

Niseme mapema kabisa: kwenye hiki kisa mjinga ni mimi. Sio jirani, sio shetani, sio serikali. Kwa hiyo ukifika katikati ukatamani kunitukana, jua nimeshajitukana kabla yako, nafasi imejaa.

Na ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipa hata gari.

Mimi ni muuza chipsi, Chanika, hapa Handeni mjini. Shule niliishia la saba, baada ya hapo nikaendelea na viazi. Naishi chumba kimoja, sina mke, ila nina nia.

Hiyo nia inaitwa Zaina. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule pale sokoni. Mjomba wangu ndiye mshenga, ameshapeleka barua ya posa kwao. Wazazi wake hawana neno. Tatizo ni bibi.

Zaina kalelewa na bibi yake Kerenge, kule Korogwe, na kwao bibi asiposema ndiyo hakuna ndoa. Na huyo bibi kabla yangu alisharudisha posa za watu. Mwalimu karudishwa. Mwenye duka la spea karudishwa. Sasa mimi na karai langu la mafuta nilikuwa nasubiri jibu.

Zaina alinionya kitu kimoja tu. "Usikanyage Kerenge mpaka uitwe. Bibi akikuona kabla hajajibu, atakupima."

Nikamwambia sina shida na Kerenge mimi.

Shikeni hapo.

Sasa wenyeji wa Handeni mnajua, huku maji sio maji, maji ni safari. Jumapili yangu yote ilikuwa inaishia kwenye foleni ya madumu. Nikitoka hapo nafua, nikimaliza kufua nasugua karai, nikimaliza karai jua limezama na kesho ni viazi tena. Wiki inaisha sijakaa kwenye kiti.

Siku moja nipo kwenye simu, nikakutana na video ya jamaa kavaa suti kwenye jua. Anasema matajiri hawafui. Matajiri wanalipa mtu afue, wao wanabaki na muda, na ule muda wanasafiri, wanapata mawazo mapya, wanazidi kuwa matajiri.

Nikaiangalia mara ya pili. Kumbe umaskini wangu wote ulikuwa kwenye beseni.

Nikamfuata Mama Sauda, mama mmoja wa mtaani kwetu anayefulia watu. Nikampa shikamoo, nikamweleza nataka awe anakuja kila Jumapili: achote maji, afue, afagie, asugue karai.

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Unaumwa?"

"Hapana mama."

"Umevunjika mkono?"

"Mzima kabisa."

"Sasa mwanangu, mimi nikifua wewe utakuwa unafanya nini?"

"Napumzika."

"Unapumzika kutoka wapi?"

Wakuu, hilo swali yule wa kwenye video hakulifundisha.

Ila akakubali. Jumapili ya kwanza akaja na mabeseni yake, mimi nikajilaza kitandani kitajiri. Mlango wazi, namwona anafua. Anakamua shuka langu, anahema. Mimi nageuka upande wa pili. Nasikia anahema tena. Nikatoka nikasema ngoja nishike upande mmoja wa shuka tukamue wote.

Akaniambia, "Baba, kama umenilipa niangalie unavyofua, kaa ufue. Kama umenilipa nifue, toka hapa. Umenikodolea macho kama nitaondoka na kamba."

Ndiyo nikaelewa, ukishaajiri mtu wa kazi za nyumbani, nyumba inakuwa ya kwake. Wewe unatakiwa kusafiri. Sio anasa, umefukuzwa.

Nikaanza kutafuta sehemu ya kutalii. Nikauliza wana pale kijiweni.

Mmoja akasema nenda Lushoto, hewa safi. Lushoto baridi, koti sina. Mwingine akasema Pangani, bahari. Sasa mimi nimekulia Handeni, maji mengi nimeyaona kwenye pipa, nikiingia baharini mnanitoa na nini? Mwingine akasema Saadani ukaone wanyama. Nyani nawaona kila msimu kwa mjomba, wanakula mahindi yetu na hawanilipishi kiingilio.

Nikaamua Korogwe. Karibu, lami mpaka mlangoni. Mpango: nifike stendi nile vizuri kama abiria wa basi kubwa, niende mtoni nipige picha, halafu nisogee ile barabara ya milimani nipate picha moja na Usambara nyuma yangu. Nirudi.

Jumapili asubuhi nikamwachia Mama Sauda ufunguo. Nikavaa suruali nyeupe, raba nyeupe, miwani ya jua. Muuza chipsi akivaa nyeupe ujue kweli kapumzika.

Korogwe nikala wali kuku. Mtoni nikapiga picha, mzee mmoja anayeosha baiskeli akaniuliza kama nimedondosha kitu majini. Nikasema hapana, naangalia tu. Akaangalia na yeye, akaona mto. Akaendelea na baiskeli yake.

Picha nikaweka status: "Vacation mode." Nikakamata bodaboda.

"Twende njia ya milimani."

"Unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Natalii."

"Unatalii nini?"

"Milima."

Jamaa akageuka akaiangalia ile milima kama vile usiku imeongezewa kitu. Tukaondoka. Lakini wakuu, hakuacha. Kila tukipunguza mwendo anauliza. Msiba? Hapana. Unanunua mahindi? Hapana. Kiwanja? Hapana. Tukapita Magoma, tunazidi kwenda, yeye anaishiwa maswali na mimi naishiwa heshima. Mpaka akaanza kuniangalia kwenye saiti mira kwa ule wasiwasi wa mtu aliyebeba jambazi.

Nyie mnajua kwetu. Mtu hawezi kuwa anaenda tu. Mtu anaenda kwa mtu. Ukisema huendi kwa mtu, wewe ni mwizi au mchawi, na mwizi ana nafuu.

Tukafika kwenye vibanda, kumbe ndiyo Kerenge yenyewe, watu wamekaa, boda akasimama akawaambia, "Huyu anasema haendi kwa mtu." Wote wakanigeukia. Mzee mmoja akasimama.

Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Naenda kwa Bibi Mwanaidi. Bibi yake Zaina."

Wasiwasi wote ukaisha. "Aaah, mkwe," yule mzee akasema, akakaa. Boda akanipeleka mpaka uani, honi mfululizo, kama analeta bibi harusi.

Sasa hapo hata ungekuwa wewe ungeshukaje?

Bibi alikuwa kakaa kwenye mkeka na rundo la mahindi. Mdogo wa umbo, ila macho yale hayakuzeeka. Nikavua miwani, nikatoa shikamoo yenye magoti.

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Nimekuja kukusalimia bibi."

"Bila mshenga?"

"Bila."

"Bila kuitwa?"

"Ndiyo bibi."

Akaniangalia raba. Kwa muda.

"Haya mume wangu, karibu. Vua hivyo viatu visije vikaniogopesha kuku."

Mnajua bibi na mkwe wa mjukuu wana utani, kwa hiyo nikacheka, nikajua nimepona. Kumbe ule ulikuwa usaili umeanza. Akanisogezea mahindi nipukuchue.

Nimepukuchua mpaka dole gumba likakosa alama, siku hiyo hata simu ilikuwa hainitambui. Nikimaliza rundo, analeta lingine. Baada ya hapo akanipa madumu nikachote maji. Mimi niliyelipa mtu anichotee maji.

Nikarudi nikifikiri naaga. Akatoa mablanketi.

Wakuu, blanketi likilowa sio nguo tena, ni ng'ombe. Nimekaa uani, suruali nyeupe imekuwa rangi ya Kerenge, povu mpaka kwenye viwiko, majirani wanapita taratibu kuliko kawaida. Mama mmoja akamuuliza bibi, "Huyu ndiye yule wa chipsi?" Bibi akasema, "Tunaangalia mafuta kama yameshika moto."

Na mimi siwezi kukataa hata kimoja. Nikisema nimechoka, nimemkosa Zaina. Mwalimu alirudishwa, mimi ni nani.

Hapo ndipo simu ikaita. Ilikuwa juu ya mkeka, jina la Zaina kwenye kioo. Mikono yangu sabuni tupu. Bibi akaichukua, akaibonyeza, ikatoka laudi spika uwanja mzima.

"Nimepita kwako," Zaina anasema, na ile sauti sio ya kunishonea. "Nimekuta kanga za mwanamke kwenye kamba yako, zimejaa. Nimefungua mlango nimekuta mwanamke amekaa kwenye kiti chako anakunywa chai. Na wewe umeweka vacation. Uko wapi, na huyu ni nani?"

Nikaelewa palepale. Mama Sauda alikuwa anafua nguo za kwake na za ukoo wake kwa maji yangu. Lakini nitaanzaje kueleza, na nani ataamini?

Nikafungua mdomo, bibi akaniwekea mkono. Akaisogelea simu.

"Zaina, muulize huyo mama anafanya nini hapo."

Nina uhakika Zaina alitaka kuiangusha ile simu. "Bibi?"

"Muulize."

Tukasikia anauliza. Halafu sauti ya Mama Sauda ikaja, haina haraka hata kidogo. "Mimi nafua. Kaniajiri. Nachota maji, nafua, nafagia, ili yeye apumzike. Kasema anaenda kutalii."

Bibi akaniangalia. Mimi na blanketi lake, na povu langu, na suruali yangu.

"Kutalii wapi?"

"Hapa, bibi," nikasema.

Hakucheka. Ndiyo kilichoniua, hakucheka. Akaniuliza, "Unalipa mtu akufulie?"

"Ndiyo bibi."

"Na maji anachota?"

"Anachota."

"Na kufagia?"

"Na karai anasugua."

Akakata simu. Akasema suuza blanketi, anika, nenda nyumbani, jibu atampa mshenga. Hakuniita mume wangu tena.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naifuta ile status kichwani. Bibi wa shamba, anamwozesha mjukuu, anakuta mwanaume mwenye mikono miwili kaajiri mtu wa kufua boksa zake. Mimi mwenyewe nisingejipa.

Nikafika Chanika, Mama Sauda kakunja nguo zangu kwa mstari, karai linang'aa unaweza kujitazama. Akaniangalia suruali.

"Umepumzika, mwanangu?"

Nikaenda kulala na njaa, mwenye chipsi.

Siku zikapita, Zaina simu zangu anapokea kwa ufupi. Ndipo mjomba akaja, kavaa kanzu kabisa. Akakaa, akaomba maji, akanywa taratibu makusudi, wazee wanapenda sana kufanya hivyo.

"Bibi amekubali," akasema.

Nikadhani kakosea nyumba.

Mjomba akanipa maneno ya bibi kama alivyopewa. Kwamba wote waliotangulia aliwauliza mnamtaka mjukuu wangu wa nini, na wote wakajibu kuhusu kupikiwa, kufuliwa, kutunziwa nyumba. Mwalimu alisema kabisa amechoka kujifulia. Bibi akasema hao walikuwa wanatafuta kibarua, wakaona aibu kulipa. "Huyu wa kufua anaye. Kwa hiyo akisema anamtaka Zaina, nitaamini ni Zaina anayemtaka. Na mablanketi yametakata."

Basi wakuu, nilichojifunza.

Kulipa mtu akusaidie kazi za nyumbani sio kujidai. Mlipe vizuri, mpe ufunguo, na usimsimamie. Ila ukipata muda usiende kuutapanya kwa sababu mtu wa kwenye video kavaa suti. Na ukitalii, kabla hujapanda boda andaa jina la mtu unayeenda kwake, na asiwe mkwe.

Waliooa Korogwe tupeni uzoefu, nyie mlifulishwa nini? Na kama kuna anayejua dawa ya kutoa udongo mwekundu kwenye raba nyeupe, comment zipo wazi. Wa kutukana nao karibuni, nilishasema nafasi imejaa ila mtabanana.

Nisisahau. Jioni ile ya jibu nilikwenda kwa Zaina, nimejaa furaha, nikamwambia sasa mama, ukishahamia kwangu Mama Sauda tutamwachisha kazi, tubane matumizi.

Akaacha cherehani. Akasema, "Mama Sauda habanduki. Na Jumapili utakuwa unashika upande wa pili wa shuka. Mimi na bibi tunaenda Pangani, kutalii."