Ngoma Inalia Mazwi, Wauguzi Hawaji

Ulipita pale Jumamosi. Usikatae. Ulisikia ngoma mtaani Mazwi, ukaona watu wanachezesha mikono bila kusema, ukadhani vichekesho, ukaenda zako.

Anayepiga ni Teodori, fundi baiskeli, grisi mpaka viwikoni. Ngoma ameiweka juu ya ubao. Bintiye Kristiana, ambaye ni kiziwi, amesimama peku kwenye ubao huo ili mdundo umfikie miguuni. Ndiye anayeongoza wimbo, kwa lugha ya alama: maumivu, damu, nisaidie. Watoto wanamfuatisha.

Halafu unaanza mchezo. Unamweleza nesi ugonjwa wako kwa mikono tu; atakayetoa sauti, nje.

“Fundi, ziba pancha, achana na mabubu!” anachokoza Flavian, dereva wa bodaboda.

“Ingia wewe mwenye mdomo,” Teodori anamjibu. “Tumbo linakuua. Mwambie nesi.”

Flavian anashika tumbo, anakunja uso, anaruka ruka.

“Nesi kakuonyesha choo!” anadakia Anjela, muuza mihogo. Watu hoi kwa kicheko.

“Jamani, naumwa!” Flavian anafoka. Ametoka.

Kristiana hacheki. Ana mimba kubwa.

Mimba ya kwanza, alifika zahanati uchungu ukiwa umeshaanza. Baba yake alitoka kidogo kumfuatia uji. Pale mgonjwa huitwa jina kwa sauti, asiyeitika anarukwa.

“Wameita, wameita, wakasema hayupo,” anasimulia Teodori. “Hayupo vipi? Yuko kwenye benchi, anavuja damu! Aliwavuta nguo, wakamwambia akae, asubiri zamu.”

Mtoto alizaliwa amekufa.

Kabla ya uchaguzi wanasiasa waliahidi zahanati itapata mkalimani wa lugha ya alama. Baada ya uchaguzi wakaahidi tena. Mkalimani mwenyewe hajaonekana. Teodori alipowaalika wauguzi kwenye ngoma yake, alijibiwa, “Mzee, sisi tuna kazi, hatuna muda wa burudani.”

“Nikiita mkutano hawaji, nikipiga ngoma wanasema nacheza,” anasema. “Basi nitaipeleka pale pale nje ya zahanati, wanifukuze.”

Anataka kila anayekaa kwenye lile benchi azijue alama zile tatu kabla bintiye hajarudi pale. Muda umebaki mdogo. Kristiana anajifungua mwezi ujao.

Muuguzi, Jumamosi hii njoo Mazwi. Nawe mwenye mke, dada au binti wa kupeleka kliniki, njoo ujifunze. Na kuanzia leo, jina likiitwa zahanati, mwenyewe asiitike, usikae tu. Inuka, pita kwenye mabenchi, mguse bega kila aliyenyamaza.