Uzi Usio na Ncha

Jumanne nilikuwa kliniki ya kisukari Gilgil, nyuma ya akina mama waliokuwa wakifuma sweta kwenye foleni. Mtafiti kijana aliyeketi mezani alimwomba kila mmoja kijichupa cha damu. Kufikia saa nne hakuna aliyekubali.

"Damu yangu unaitafutia nini, msichana?" aliuliza mmoja.

"RNA ya duara, mathe, kijiuzi kidogo sana ndani ya seli. Inasaidia kuamua jeni gani ifanye kazi na gani itulie. Tukiielewa, huenda siku moja tukaona ugonjwa mapema."

"Na kwa nini duara?"

Binti alifungua makaratasi yake, akayafunga. Akaokota kipande cha uzi kikapuni mwa yule mama. "Sweta hufumuka kuanzia wapi?"

"Kwa ncha. Hata mtoto anajua."

"RNA ya kawaida pia hutafunwa mwilini kuanzia nchani." Akaziunga ncha mbili kwa fundo, akampa. "Hii itatafunwa kuanzia wapi?"

Mama aliuzungusha uzi vidoleni mara mbili. "Hakuna mahali. Hii itakaa."

"Ndiyo maana tunaipata kwenye damu."

"Unaujua uzi. Nani alikufunza kufuma?"

"Mamangu. Hapa hapa Gilgil."

Mama alikunja mkono wa sweta yake. "Toa. Lakini ukipata kitu, tuambie sisi kwanza, kabla ya wazungu."

Miaka yote gazetini nimeandika sayansi iliyotufikia ikitoka mbali. Nilipoitwa kwa daktari, sindano za kufumia zilikuwa zimewekwa mapajani, na foleni ilikuwa imegeukia meza ya binti wa Gilgil.