Omena ndani ya kabati la dawa

Watu wangu, leo rafiki yangu ameniuza kwa bakuli la omena.

Pale maabara tunatengeneza dawa ya unga, ile mgonjwa wa pumu anavuta ifike kwenye mapafu. Unga ukishika unyevu kidogo tu, kwisha. Na hii hewa ya ziwa mnaijua.

Asubuhi nafungua kabati la kukausha. Kazi yangu ya wiki tatu imekuwa mabonge!

Harufu? Samaki.

Nyuma ya chupa zangu kulikuwa na omena za Atieno. Atieno niliyempa ufunguo mimi mwenyewe! Semeni kama huu si usaliti.

"Mvua imekataa kuisha, ningeanika wapi?" akasema nilipomwita.

Nikafoka. Akaniuliza:

"Lakini juzi ukikula, si ulisema zimekauka vizuri?"